Swali Baada ya Salamu: Uteuzi wa Maswali ya Mazungumzo katika Warsha za Kufahamiana, Kihesa, Iringa

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kuteua maswali ya mazungumzo kwa ajili ya warsha ambazo washiriki wake hukutana ili kufahamiana na kujenga mtandao wa kazi na biashara. Mazingira yanayorejelewa ni ya kata ya Kihesa katika Manispaa ya Iringa. Inahojiwa kwamba swali linalofaa hutambuliwa kwa kuchunguza kile linachokichukulia kuwa kweli kuhusu anayeulizwa, na kwa kuangalia linavyopokea zamu kutoka kwenye salamu. Mifano iliyochambuliwa ni ya Kiswahili cha kila siku, na imetungwa kwa ajili ya ufafanuzi. Uchambuzi unagusa viulizi, uteuzi wa vitenzi, na vineno vidogo kama vile *tu* na *ila* ambavyo hufunga au kufungua mazungumzo.

Istilahi muhimu: salamu, kiulizi, dhanio, adabu, warsha

Utangulizi

Anayefika kwenye warsha ya kufahamiana hupewa mlangoni kibandiko cha kuandika jina lake na karatasi yenye maswali ya kuwauliza wenzake. Maswali hayo hufanana kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine: unafanya nini, changamoto zako ni zipi, ndoto yako ni ipi, kwa nini ulichagua fani yako. Mengi yametoka katika miongozo ya Kiingereza, na tafsiri yake mara nyingi haina kosa la kisarufi. Hata hivyo, si ajabu baada ya dakika chache kuona ukumbi umegawanyika: waliozoeana wamerudi kuzungumza wao kwa wao, na wageni wamebaki wakiisoma karatasi.

Kihesa ni mahali panapofaa kulitazama jambo hili. Ndiko kilipo Chuo Kikuu cha Iringa, ambacho awali kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Tumaini chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Katika mji huohuo wa Iringa kuna pia Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichoanzishwa mwaka 2005 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha. Kwa hiyo warsha ya Kihesa inaweza kuwakutanisha mhitimu anayetafuta ajira, mama anayeuza mbao za Mafinga, fundi wa kuchomelea, mkulima wa viazi na ofisa wa benki. Wote wanazungumza Kiswahili, lakini nyuma ya Kiswahili hicho kuna Kihehe, Kibena, Kikinga na Kinyakyusa, kila moja ikiwa na adabu yake ya kuuliza na kuulizwa.

Kinachoshindaniwa si kidogo. Kwa mhitimu ambaye maombi yake ya kazi hayajajibiwa kwa muda mrefu, dakika kumi na mtu mwenye karakana zinaweza kuwa mlango ambao hakuna barua ingeufungua. Swali la kwanza likimwaibisha, dakika hizo zimekwisha hata kama saa bado inahesabu.

Kujuana na kufahamiana

Istilahi yenyewe ya shughuli hii haijatulia. Vijana husema *koneksheni*. Waandishi wa ratiba huandika *kujenga mtandao*. Kiswahili kina vitenzi viwili vya kale ambavyo vingetosha, *kujuana* na *kufahamiana*, lakini vimeachana njia. Vyote ni kauli ya kutendana, na kamusi zinaweza kuvitaja kama visawe. Katika matumizi, *kujuana* kumebeba lawama: "kazi za kujuana" ni zile zinazopatikana kwa upendeleo. *Kufahamiana* hakuna doa hilo. Mtu husema "tumefahamiana msibani" bila kushukiwa lolote.

Tofauti hii inaeleza kwa nini baadhi ya washiriki huwa wazito kuuliza. Mwenye kuuliza moja kwa moja juu ya kazi na vyeo huonekana kama aliyekuja kutafuta wa kumbeba. Swali la warsha linatakiwa liwaweke wazungumzaji upande wa kufahamiana, na hilo hutegemea sana wanayoyasema katika nusu dakika ya mwanzo.

Salamu kama swali lenye ngao

Katika Kiswahili mazungumzo huanza kwa swali. *Hujambo?* kwa asili ni swali la ukanushi: huna jambo? *Habari za...?* ni swali lisilo na kitenzi, na jina linalofuata *za* ndilo linalochagua mada: za kazi, za masomo, za nyumbani, za safari, za shamba, na kwa Iringa ya mwezi Juni na Julai, za baridi. Katika Kinyakyusa *ugonile?* ni swali pia, lenye maana ya "umelala?", na kwa mtu wa heshima husemwa kwa wingi, *mugonile*, hata akiwa peke yake. *Kamwene* ya Wahehe na Wabena haidai habari kwa namna hiyo. Anayeipokea anaweza kuirudisha kama ilivyo. Ikumbukwe hata hivyo kwamba kumwambia mgeni *kamwene* ni kumchukulia kuwa mwenyeji au walau kumwalika awe hivyo, jambo linalopendeza sokoni kuliko katika ukumbi wenye watu kutoka kila mkoa.

Malinowski (1923) alikwisha kueleza kwamba maneno ya aina hii kazi yake ni kuwaunganisha watu, wala si kupashana taarifa. Yahya-Othman (1995) naye, akiwachunguza Waswahili, ameonyesha uzito wa salamu kwa kuangalia inavyohesabiwa pale inapokosekana au kutolewa isivyostahili. Jambo ambalo warsha zinahitaji kulizingatia liko katika jibu. "Habari za kazi?" hujibiwa "nzuri", na hujibiwa hivyo na aliyepandishwa cheo, aliyeachishwa kazi jana, na asiye na kazi kabisa. Jibu hili lililo tayari ni ngao. Swali linagusa kazi, lakini halimlazimishi mtu kuonyesha kilichomo ndani.

Sasa karatasi ya maswali inafuata na kuuliza "Unafanya kazi gani?" Mada ni ileile, ila ngao imeondolewa, na imeondolewa na mwulizaji. Tatizo la maswali mengi ya warsha liko hapa. Yanaanza upya kana kwamba salamu haikusemwa, ilhali salamu ilikuwa imekwisha kufungua njia salama kuelekea palepale. Njia hiyo huonekana mtu akisikiliza kwa makini majibu ya salamu yanavyomaliziwa:

(1) Nzuri tu.
(2) Nzuri, tunamshukuru Mungu.
(3) Nzuri, tunapambana.
(4) Nzuri, ila mbao zimepanda.

Katika (1), *tu* inafunga. Mzungumzaji amesema yote anayotaka kusema, na swali lolote la kufuatilia juu ya kazi litakuwa la kumwingilia. Mfano (2) hauna msimamo mmoja. Kiimbo ndicho huamua. Katika (3) kuna kitenzi kilichoachwa bila yambwa, na asiyetaka kuulizwa angeweza kukiacha. Mfano wa (4) ni zawadi. *Ila* ni mlango ulioachwa wazi na mwenye nyumba mwenyewe, na mwenye kuitikia "Zimepanda tangu lini?" ameingia kwa ruhusa. Wawezeshaji wa warsha hutumia muda mwingi kuwafundisha washiriki namna ya kuuliza. Wangepata faida zaidi kwa kuwafundisha kusikia *ila*.

Dhanio la swali

Kila swali lina dhanio, yaani kile linachokichukulia kuwa tayari ni kweli kabla halijajibiwa. "Unafanya kazi wapi?" linachukulia kwamba anayeulizwa ana kazi, tena kazi yenye mahali. Mkulima hufanya kazi, lakini swali hili halimhusu. Dereva wa bodaboda ana kazi isiyo na *wapi*. Mhitimu asiye na ajira hawezi kulijibu bila kwanza kulikanusha swali lenyewe, na kulikanusha ni kutangaza asichotaka kutangaza mbele ya mtu asiyemfahamu. Kiswahili huita tendo la kumweka mtu katika hali hiyo *kumwumbua*, neno lenye ukali kuliko istilahi ya *uso* iliyozoeleka katika nadharia ya Brown na Levinson (1987), ingawa zinakutana.

Tafsiri ya neno kwa neno huleta tatizo la namna nyingine. "Unafanya nini?" kama swali la kumfahamu mtu hugongana na matumizi yake ya kawaida, ambayo ni kumkuta mtu katika tendo, mara nyingi tendo lisilofaa. Mtoto aliyeshika kiberiti huulizwa "Unafanya nini?" Mtu mzima aliyesimama ukumbini na kikombe cha chai akiulizwa hivyo, jibu la kweli ni kwamba anakunywa chai.

Wazungumzaji wenyewe wamekwisha kuunda njia mbadala, na inashangaza kwamba miongozo haizitumii. "Unajishughulisha na nini?" hutumia kitenzi cha kujirejea, *-ji-*, kinachomfanya anayeulizwa kuwa mtenda na pia kitovu cha tendo. Kitenzi hicho hakidai mwajiri, ofisi wala mshahara. Anayefuga kuku nyuma ya nyumba anajishughulisha. Anayesubiri ajira huku akiwafundisha watoto wa jirani anajishughulisha. Njia ya pili ni "Uko wapi siku hizi?", ambayo kwa Watanzania wengi ni swali la kazi lililovikwa vazi la mahali. Uzuri wake ni kwamba vazi hilo linaweza kubaki. Anayetaka atataja taasisi. Asiyetaka atasema "Nipo hapahapa Iringa", na hakuna aliyeumbuliwa.

Lakini swali hilo pia lina jibu linalopaswa kuheshimiwa: "Nipo tu" au "Nipo mtaani". Hapa *tu* hufanya kazi ileile ya mfano (1), na *mtaani*, katika lugha ya vijana, ni mahali pa wasio na ajira hata kama wana makazi mazuri. Mwulizaji anayeendelea na "Kwa nini hujaajiriwa?" amelibadili zungumzo kuwa usaili. Anayesema "Mtaani siku hizi kuna nini?" ameichukua sitiari ya mwenzake na kumrudishia uhuru wa kuchagua la kusimulia.

Kwa nini, mbona, na -je

Uteuzi wa kiulizi huleta tofauti kubwa kuliko inavyodhaniwa. Linganisha:

(5) Kwa nini uliacha ualimu?
(6) Mbona uliacha ualimu?
(7) Uliachaje ualimu?
(8) Ilikuwaje mpaka ukaacha ualimu?

*Kwa nini* hudai sababu, na sababu ikidaiwa kwa mtu asiyejulikana husikika kama utetezi unaodaiwa kwa mshtakiwa. *Mbona* huongeza mshangao na aghalabu lawama: mwulizaji anaonyesha kwamba alitarajia kinyume. Kati ya ndugu, *mbona* ni ya upendo, na "Mbona huonekani?" ni malalamiko yanayofurahisha kusikika. Kwa mgeni ni mapema mno. Mfano (7), wenye kiambishi *-je*, unauliza namna, lakini ukiunganishwa na *acha* bado una kivuli cha mshangao. Katika (8) *-je* imehamia kwenye kitenzi kisicho na mtendaji wa wazi, na *mpaka* imemwekea msimulizi safari mbele yake. Swali haliombi sababu tena. Linaomba kisa, na mwenye kisa huchagua pa kuanzia.

Hapa ndipo thamani ya "Ulianzaje?" inapoonekana. Ni swali fupi, halina dhanio zito zaidi ya kwamba kuna kitu kilichoanza, na linaweza kuulizwa kuelekea juu na kuelekea chini. Sifa hii ya mwisho ni adimu. Esther Goody (1978), katika uchunguzi wake juu ya Wagonja wa Ghana, alionyesha kwamba swali si ombi tupu la taarifa, kwa kuwa cheo cha mwulizaji huingia katika maana yake: kutoka juu hukaribia amri. Kiswahili kina jambo linalofanana na hilo. Baada ya *shikamoo* na *marahaba*, mkubwa ana haki ya kuuliza "Umeoa?" au "Una watoto wangapi?", na swali lake huonekana kuwa la malezi. Kijana akimrudishia mzee swali hilohilo kwa maneno hayohayo, amekosa adabu. Karatasi ya maswali inayomwelekeza kila mshiriki kumwuliza kila mshiriki maswali yaleyale haioni tofauti hii. "Mzee, ulianzaje?" huivuka kwa sababu humweka mzee katika kiti cha msimulizi, kiti ambacho umri wake tayari umempa, na mzee akimwuliza kijana "Ulianzaje kutengeneza simu?", anampa heshima ambayo umri haujampa.

Wanyakyusa wa Rungwe walilitatua suala la cheo kwa namna nyingine. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951 vijiji vilivyoundwa na watu wa rika moja, na dhana ya *ukwangala*: raha ya kukaa pamoja, kula, kunywa na kuzungumza kati ya walio sawa. Mazungumzo mazuri, kwa mtazamo huo, yalikuwa tunda la usawa, na usawa ulipatikana kwa kuishi na wa rika lako. Mwandalizi wa warsha anaweza kushawishika kuwaketisha washiriki kwa marika. Mazungumzo yangechangamka, bila shaka, lakini mhitimu angetoka ukumbini akiwa amefahamiana na wahitimu wenzake tisa wasio na kazi. Warsha imeitishwa ili marika yakutane, hivyo usawa ambao Wanyakyusa waliupata kwa makazi hauna budi kutafutwa ndani ya swali lenyewe.

Kwenu ni wapi?

Maswali ya asili ya mtu ndiyo yanayopendwa zaidi na wazungumzaji na yanayoogopwa zaidi na waandalizi. Pande zote mbili zina sababu. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kukusanya taarifa za kabila nchini Tanzania; zote zilizofuata, hadi ile ya mwaka 2022, hazikuuliza. Swali "Wewe kabila gani?" kwa hiyo ni swali ambalo dola yenyewe iliacha kuliuliza, na katika hadhara rasmi lina ladha ya kutaka kumpanga mtu mahali kabla hajasema lolote.

Watu hawajaacha kutaka kujua, hata hivyo. Hupitia njia za pembeni: "Kwenu ni wapi?", "Wewe mtu wa wapi?", au kusoma kibandiko. Jina linaloanza na *Mwa-* huwafanya wengi wafikirie Mbeya kabla mwenye jina hajafungua kinywa. Wenyeji wa Iringa huitwa Wanyalukolo kwa mzaha na kwa mapenzi, jina linalotokana na *lukolo*, yaani ukoo. Kwa hiyo hata jina la utani la watu hawa linahusu swali la nani ni ndugu wa nani. Kuna pia utani wa makabila, ambao Moreau (1944), mtaalamu wa ndege aliyekuwa Amani na ambaye udadisi wake haukuishia kwa ndege, aliukusanyia maelezo kutoka sehemu nyingi za Tanganyika. Utani hulifanya swali la kabila kuwa mchezo: likijibiwa, watani hucheka na kizuizi kimeanguka. Ila mchezo huo huhitaji wachezaji wawili wanaojua kanuni, na katika ukumbi wa wageni hakuna hakika hiyo.

Njia ya kati ipo katika uteuzi wa kitenzi. "Umekulia wapi?" hutumia kauli ya kutendea ya *kua*. Mahali panapotajwa ni pa maisha aliyoyaishi mtu, panaweza kuwa kambi ya jeshi, shule ya bweni au nyumba ya shangazi, na hapamlazimishi aliyezaliwa na Mhehe na Mchaga kuchagua upande. *Kwenu*, kwa upande wake, hudai umilikishi, na wapo ambao umilikishi huo una mgogoro wa mirathi ndani yake. Swali la makazi nalo lina faida ya ziada kwa Kihesa. Mtu akisema anakaa Kilolo, mwenyeji atauliza "Kilolo ipi?", kwa kuwa kuna Kihesa Kilolo iliyo hapo hapo mjini na kuna Wilaya ya Kilolo. Kiulizi *-pi* hapa ni swali la kufuatilia lisilotungwa na mtu. Linazaliwa na jibu, linamwonyesha msemaji kwamba amesikika, na mara nyingi huzaa la tatu juu ya barabara, mvua au bei ya usafiri.

Changamoto, ndoto, na kukwama

Mwalimu wa warsha hupenda maswali "wazi", yaani yasiyojibiwa kwa ndiyo au hapana. Kigezo hiki hakitoshi. "Changamoto zako ni zipi?" ni swali wazi kwa umbo, lakini karibu kila anayeulizwa hujibu "mtaji". "Ndoto yako ni ipi?" huleta sentensi iliyokwisha kusikika redioni. Majibu haya yana hali ileile ya *nzuri* ya salamu: yamekaa tayari mdomoni. Tofauti ni kwamba *nzuri* haidai kuwa zaidi ya salamu, wakati *mtaji* hujifanya taarifa. Kwa upande mwingine, swali lililofungwa kabisa, "Zimepanda tangu wiki iliyopita?", linaweza kumfanya mama wa mbao azungumze dakika tano juu ya malori, ushuru na wateja.

Pale ambapo lengo ni kujua mwenzako anahitaji msaada gani, Kiswahili kina mtego na kina njia. "Shida yako nini?" ni ugomvi. "Unahitaji nini?" humfanya mjibu kuwa mwombaji, na mwulizaji kuwa mfadhili ambaye huenda hana cha kufadhili. "Umekwama wapi?" ni tofauti. Aliyekwama alikuwa anakwenda, na kukwama hutokea barabarani, kwenye tope, kwa gari zima na dereva hodari. Kosa halitajwi. Mahali ndipo panapotajwa, na kwa desturi anayepita husaidia kusukuma. Wingi wake, "Tunakwama wapi?", umekuwa msemo wa kawaida katika mijadala ya nchi, ambapo msemaji hujijumuisha katika tatizo analolilalamikia. Ndani ya warsha umoja unafaa zaidi, kwa kuwa wingi huo umekwisha kuchakaa kwa kutumiwa na wasiokwama.

Mpangilio

Aron na wenzake (1997) waliwapa watu wasiofahamiana orodha ya maswali 36 yaliyopangwa katika makundi matatu, kila kundi likiingia ndani zaidi kuliko lililotangulia, na wote wawili wakijibu kila swali. Orodha hiyo imesambaa duniani kote, na wanaoinakili hunakili maswali. Kilicho na manufaa kwa Kihesa ni mambo mawili yaliyomo katika mpango wake: kuongeza kina polepole, na mwulizaji kujibu alichouliza.

Jambo la kwanza Kiswahili kililipa kitenzi zamani. Katika uwanja wa kuuliza kuna *uliza*, *hoji*, *saili*, *dadisi*, *chokonoa*, *pekua* na *dodosa*. *Hoji* na *saili* ni za wenye mamlaka. Mhitimu akisikia *usaili* huona meza na watu watatu nyuma yake. *Chokonoa* hutumia ncha, na *pekua* huingia mifukoni. *Dodosa* pekee ndiyo yenye maana ya kuuliza kidogo kidogo, kwa upole, mpaka jambo litoke. Kwa kejeli ya historia ya istilahi, ndiyo iliyozaa *dodoso*, karatasi ya sensa na ya utafiti inayouliza yote kwa mkupuo. Warsha inayogawa karatasi ya maswali kumi na mawili inagawa dodoso, na washiriki hulijaza kama dodoso: kwa maneno mafupi, wakitazama saa. Maswali matatu yanatosha, na la tatu liachwe bila kuandikwa, litokane na jibu la pili.

Namna nzuri ya kuyapima maswali hayo kabla ya siku yenyewe ni kuyajibu mtu akijiweka katika nafasi ya mshiriki mwenye hali ngumu kuliko wote watakaoingia: asiye na ajira, asiyemaliza shule, aliyefiwa mwezi uliopita, msichana pekee katika meza ya wanaume. Swali ambalo mtu huyo hawezi kulijibu bila kusema uongo au kuumbuka liondolewe, hata kama linawafurahisha wengine wote.

Swali la kuachana

Swali la mwisho la warsha husahauliwa na waandalizi, nalo ndilo linaloamua kama kufahamiana kutaendelea kesho. "Naomba namba yako" lina umbo la ombi la adabu, lakini likitoka kwa mwanamume kwenda kwa mwanamke huwa limetanguliwa na historia ndefu ya matumizi ambayo si ya biashara. Mwanamke hulazimika kupima nia ya mwombaji palepale, na wengi hutoa namba isiyopatikana. "Nitakupataje?" halisaidii, kwa kuwa yambwa ya *pata* ni yeye mwenyewe.

"Dukani mnapatikana siku zipi?" hubadili mambo matatu kwa pamoja. Kitenzi kimeingia katika kauli ya kutendeka, na anayetafuta hatajwi tena. Nafsi imekuwa ya wingi, hivyo anayeulizwa ni duka na wote waliomo. Mahali pamewekwa mwanzo wa sentensi, na ni mahali penye kaunta na watu wengine. Mama wa mbao anaweza kujibu "Kila siku isipokuwa Jumapili", akanyamaza, na mhitimu akajua pa kwenda Jumatatu. Anaweza pia kuongeza, "lakini andika namba, maana kuna siku nakwenda Mafinga".